Waliposimamisha Orutu

Luanda Kotieno, Jumapili, 3 Machi 1991

Kwako Baba Rosa,

Nimechukua daftari la Rosa la darasa la nane. Nusu yake ni tupu, na yeye hana kazi nalo tena. Tangu uondoke sina mtu wa kuzungumza naye Kiswahili hapa nyumbani. Mama yako ananisemesha Kijaluo kisha anacheka ninavyojibu. Rosa nikimwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kijaluo. Wewe na mimi tulianza kwa Kiswahili kwa sababu wewe hukujua Kibukusu na mimi sikujua Kijaluo, tukabaki nacho miaka yote kumi na saba. Basi nitakuandikia siku nikiwa na neno, mpaka kumbukumbu yako. Imewekwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, mwaka ukiwa umetimia kasoro siku moja.

Mvua bado. Wasafiri wa Mbita wanakunywa chai kibandani kwangu huku wakitazama juu.

5 Machi

Vumbi. Mandazi yaliungua kidogo. Hakuna aliyelalamika ila mimi.

9 Machi

Barua kutoka kwa dada yako Apiyo, Migosi. Anasema siku ya kumbukumbu atakuja, na akirudi Kisumu atarudi na Rosa. Yeye na mumewe wanakwenda kazini wote asubuhi na watoto watatu hawana wa kuwatazama. "Hapo atakaa akifanya nini, wifi? Kuangalia mawimbi?"

Hakuandika kwa ubaya. Karo ya shule ya upili hatuiwezi. Kilikuwepo chuo cha ufundi, kile ulichosaidia kupaua kwa harambee mwaka wa themanini na nne. Mwalimu aliondoka miaka miwili iliyopita na hakuja mwingine. Vyerehani vinne na sanduku la vifaa vya useremala vimefungiwa ndani, na ufunguo uko katika koti la Mzee Okumba, mwenyekiti wa kamati. Mvua ikija anaweka humo magunia yake ya omena, dagaa wa ziwani.

Nilimsomea Rosa barua. Alisema, "Chuo kikifunguliwa nitabaki. Kisipofunguliwa nitakwenda kwa shangazi." Nikamwambia, "Kikifunguliwa utashona vizuri sana." Akainuka akaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

14 Machi

Baraza la naibu chifu. Baada ya wazee kumaliza maneno ya soko na vyoo, msichana mmoja aliinuka nyuma. Ni Anyango, yule anayeshona nyavu pale ufuoni, ana miaka kumi na tisa na sauti ya watu sita. Akasema vijana wanaomba chuo kifunguliwe. Mzee Okumba hakugeuka hata kutazama.

"Nani huyo anasema bila kupewa ruhusa?"

"Ni mimi, Jaduong', mzee wangu. Anyango."

"Una nyumba hapa? Una bwana? Keti chini, baraza sio ya watoto."

Watu wakacheka, akaketi. Mimi nami nilicheka, Baba Rosa, maana huyo msichana humjibu kila mtu, na nimeona anavyomvuta Rosa wetu nyuma yake. Nilipofika nyumbani sikufurahi na kicheko changu.

21 Machi

Mvua! Ilianza saa nane mchana. Mama alisimama mlangoni ameinyoosha mikono, akailowesha, akajipaka usoni.

23 Machi

Rosa anachelewa kurudi. Wako kumi na wawili, chini ya ile mitumbwi iliyolazwa kifudifudi, wanafanya mchezo wa kuigiza. Anyango ndiye kiongozi. Nilimwambia Rosa, "Mwaka huu bado hujamaliza kumlilia baba yako." Akasema, "Kulia nalia, Mama. Nacheza pia."

Usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimenya kiazi kitamu kwa kile kisu cha mfukoni, maganda yakitoka marefu bila kukatika, na Rosa akiwa mdogo akijivisha maganda hayo kama bangili.

31 Machi, Pasaka

Baada ya ibada mchungaji aliwaruhusu vijana waonyeshe mchezo wao uani mwa kanisa. Ulihusu kijiji chenye mlango mmoja tu na mzee mmoja mwenye ufunguo. Anyango alikuwa mzee. Alijifunga mto tumboni, akavaa koti, akatembea kama Mzee Okumba anavyotembea, vidole vya miguu vikitazama pande mbili. Alipokaa kwenye kiti na kutoa ufunguo wa mbao mkubwa kama jembe akaanza kuchokonolea meno, watu walianguka kwa kicheko.

Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Okumba. Alijifuta machozi kwa kitambaa, akasema, "Yawa, jamani, hawa watoto watanimaliza!" Kisha akatuma kreti ya soda kwa vijana wote.

Nilimwona Rosa na chupa yake mkononi. Hakuinywa mpaka povu likaisha.

4 Aprili

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Chuo bado kimefungwa. Gari la omena lilikuja, magunia yakatolewa, mlango ukafungwa tena.

9 Aprili

Naibu chifu amekuja ufuoni kuwaambia vijana kwamba hakuna tena mchezo bila leseni ya DO, ofisa wa tarafa. Anasema kukusanya watu na kuwasemea maneno ni jambo la leseni, Pasaka au si Pasaka. Hakuwa mkali. Alikunywa chai yangu akaniambia, "Mama Rosa, mimi mwenyewe nilicheka. Lakini nimeulizwa kutoka juu."

12 Aprili

Anyango, Rosa na wenzao watatu walitembea mpaka ofisi ya DO. Walirudi jioni matope mpaka magotini. Karani amewaambia walete andiko la mchezo, nakala tatu, zimepigwa taipu.

"Na ninyi andiko mnalo?" nikauliza.

"Hatuna, Mama," akasema Anyango. "Kila siku tunausema tofauti."

Niliwapa chai. Ndipo aliposema jambo lililonikaa: "Mzee alipocheka vile tulidhani tumeshinda. Kumbe tulimburudisha tu. Mtu akicheka namna ile amemaliza, hana deni na wewe." Akanywa chai yote bila kupumzika, akaosha kikombe mwenyewe. Sikujua kwamba huosha vikombe.

17 Aprili

Mvua mchana kutwa. Boti ya Mbita haikutoka. Niliuza chai kwa watu walewale mara nne.

26 Aprili

Mahindi yamefika kifundoni. Barua nyingine ya Apiyo: amemnunulia Rosa kitanda.

28 Aprili, Jumapili

Leo paa lilivuja upande wako wa kitanda. Rosa na mimi tulikaa upande wa pili, tukasikiliza matone kwenye sufuria. Akaniuliza, "Baba alikuwa mtu wa namna gani kabla yangu?"

Nikamwambia habari ya arusi ya binamu yako, mwaka wa sabini na tatu, nilipokuwa na wiki mbili tu hapa. Mzee Ochieng alikuwa akipiga orutu yake, ile fidla ya uzi mmoja, na watu wanacheza. Ghafla wewe ukanyanyua mkono, ukatupa sarafu kwenye sahani, orutu ikanyamaza. Watu wote wakakutazama. Nilifikiri umeanzisha ugomvi, nikashika kitambaa changu tayari kukimbia. Ukasema kwa sauti: "Mimi Oketch fundi wa mashua, niliyekwenda Bungoma kununua mbao nikarudi na mtu!" Watu wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Ochieng akaanza tena kupiga, akiimba maneno yako yaleyale, "Oketch wa mbao, Oketch aliyerudi na mtu." Sikuelewa neno. Ulinitafsiria tulipofika nyumbani na nikaona aibu mpaka asubuhi. Siku nyingi baadaye watu ufuoni waliniita Mbao.

Rosa alicheka sana. Kisha akauliza.

"Mama, mwenye sherehe anaweza kumkataza mtu asisimamishe orutu?"

"Baba yako aliniambia hakuna awezaye. Hiyo ndiyo pakruok yao. Ukiweka chako kwenye sahani, orutu inanyamaza na wewe unajisifu. Ukimaliza, mpigaji anaichukua sifa yako, anaiimba."

"Na leseni?"

Nikamwambia, "Leseni ya nini? Ni muziki wa sherehe."

Akachukua gunia, akajifunika kichwa, akatoka na mvua ileile. Najua alikokwenda.

6 Mei

Walikuja wawili, Rosa na Anyango, wakaketi chini kama watu walioleta habari ya msiba. Anyango ndiye aliyesema. Kwamba siku ya kumbukumbu yako Mzee Ochieng atapiga orutu. Kwamba wazee wote watakuwepo, na Mzee Okumba mbele. Kwamba wanaomba ruhusa yangu wasimamishe orutu siku hiyo.

Nikasema hapana. Nikasema hiyo ni siku ya baba wa mtu, si baraza.

"Hatutamwigiza mtu yeyote, Mama. Hatutamtaja mzee. Tutajisifu tu."

Nikasema, na naandika hapa kama nilivyosema: "Mjisifu kwa nini? Ninyi mna nini cha kujisifia?"

Anyango aliinamisha kichwa. "Ni hilo hasa, Mama," akasema. Hakusema kwa hasira.

Wewe unajua naogopa nini. Mimi ni mke wa kutoka mbali. Ndugu yako Ouma ananiheshimu, lakini ananiheshimu kama mtu anavyoheshimu kiti cha mgeni. Siku yako ikiharibika, hawatasema Anyango aliiharibu. Watasema ni yule Mbukusu.

7 Mei

Rosa hasemi nami. Anafanya kazi zote, hasemi.

11 Mei

Bado. Leo alikwangua magamba ya samaki mmoja, ngege, kwa nusu saa.

15 Mei

Mvua kubwa na mawe. Mahindi yamelala. Rosa na mimi tulitoka kuyainua, mmoja anashika bua na mwingine anasukuma udongo, mpaka mwisho wa shamba, na hatukuambiana neno ila "shika" na "tayari." Lakini "tayari" ya mwisho aliisema kwa Kiswahili.

19 Mei, Jumapili

Mama aliniita nyumbani kwake. Mama Seline hapendi kuzungumza maneno mazito akiwa ameketi bure, kwa hiyo alikuwa akichambua kunde.

"Nasikia umewanyima watoto," akasema.

"Nani amekwambia, Mama?"

"Hii boma ina kuta? Nasikia tu." Akanitupia kunde chache nami nichambue. "Unaogopa Ouma."

Nikainamia kunde.

"Mimi nilimzaa Ouma. Alikuwa analia hata kuku akimtazama. Usimwogope." Akachambua. "Oketch alipenda kelele. Asubuhi ya ile siku ni ya mchungaji, itakuwa kimya na maombi. Mchana ni ya mwanangu. Mimi sitaki mchana wa mwanangu watu wakae wakitafuna nyama kama wanangoja gari."

"Na Ouma ataambiwa na nani?"

"Mimi nitamwambia."

Miaka kumi na minane, Baba Rosa, nilidhani mama yako hunicheka Kijaluo changu kwa dharau. Leo nilipokosea neno la kunde akacheka tena, kisha akalirudia polepole, mara tatu, mpaka nikalishika. Labda alikuwa akinifundisha siku zote na mimi nikisikia kicheko tu.

Nilirudi nikamwambia Rosa, "Msimamishe. Lakini msimtukane mtu." Alinikumbatia kwa nyuma nikiwa nimeshika sufuria ya moto.

25 Mei

Mvua imepungua. Ouma analeta kuni za sherehe. Nilimwuliza Mama kama amekwisha kumwambia. Akasema, "Kesho."

30 Mei

Nilimwuliza tena. "Kesho."

2 Juni

Jana ilikuwa siku yako. Nimeamka kabla ya wote ili niandike kabla haijachanganyika kichwani.

Watu walijaa mpaka kwenye mahindi. Apiyo alikuja na mumewe na watoto, na begi tupu la kuwekea nguo za Rosa. Mchungaji aliomba vizuri, akasema ulikuwa mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja, na mimi nikakumbuka mara zile ulizokata bila kupima hata mara moja, nikacheka ndani ya kitambaa. Watu wakadhani nalia. Nilikuwa nalia pia.

Baada ya chakula Mzee Ochieng akatoa orutu. Amezeeka, mkono wa upinde unatetemeka mpaka uguse uzi, ukigusa unatulia. Alipiga nyimbo zako. Wazee walianza kusimamisha, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akajisifu na kukutaja. Mzee Okumba alikuwa mbele kabisa, katika kiti chenye mikono, akipiga makofi.

Kisha Anyango akainua mkono. Akaweka sarafu yake, orutu ikanyamaza.

"Mimi Anyango, binti wa ufuo, fundi cherehani wa Uyoma yote. Nguo nilizoshona hakuna aliyewahi kuziona!"

Watu wakacheka kwa mshangao. Mzee Ochieng akamtazama kidogo, kisha upinde ukaanza: "Anyango wa nguo zisizoonekana." Akawa anaimba hivyo.

Akafuata kijana mmoja mrefu. "Mimi seremala wa meza mia. Watu wanakula chini wakizingoja!" Upinde ukalichukua hilo. Akafuata msichana mwingine: shati la shule la mtoto wake alilishona katika ndoto. Sasa watu hawakucheka sana. Walikuwa wakitazamana. Hakuna aliyekuwa ametaja mlango, wala ufunguo, wala jina la mtu.

Ndipo Rosa akasimama. Akaweka sarafu yake kwenye sahani. Nilijitayarisha kusikia habari ya cherehani.

"Mimi Rosa, binti Oketch. Mimi ni fundi wa mashua. Mashua yangu bado ni mti!"

Baba Rosa, mashua. Miezi yote hii nimekuwa nikisema atashona. Nilimwambia Apiyo atashona. Nilimwambia Mungu atashona. Aliinuka kwenda kuchota maji mtungi ukiwa umejaa, nami sikumwuliza kwa nini. Mzee Okumba aliwaambia waketi chini mara moja, barazani. Mimi nilimwambia wangu aketi kila siku, kwa upole, nikimpa chai.

Wakati orutu inaanza kuimba "Rosa wa mti," Ouma alisukuma kiti akasimama. Uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira. Nikajua hapo kwamba ile "kesho" ya Mama haikufika.

"Imetosha! Hii ni kumbukumbu ya ndugu yangu, siyo mchezo wa watoto. Nani amewaruhusu? Ochieng, weka hiyo kitu chini!"

Mzee Ochieng akainua upinde. Vijana wakasogeleana kama kuku mvuani. Mama alikuwa ameketi mkekani akitazama mbele, akinyoosha nguo yake magotini, wala hakusema neno, na nilielewa kwamba ananingoja mimi.

Sijui miguu yangu ilinyanyukaje. Nilitembea mpaka kwenye sahani. Sikuwa na sarafu, kwa hiyo nilifungua kitambaa cha kichwa nikakiweka hapo. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kusimamisha muziki wa mtu. Na orutu tayari ilikuwa imesimama, kwa hiyo ilikuwa kama naomba zamu katika kimya cha Ouma.

Nilisema kwa Kijaluo changu kibovu, na nilikosea, lakini hakuna aliyecheka: "Mimi Nasipwondi. Mimi ndiye mbao ambayo Oketch alinunua Bungoma. Ameniacha na fundi ndani ya nyumba, na mimi sikujua. Leo nimejua. Mimi ndiye niliyewaruhusu."

Mama akapiga kigelegele. Mmoja tu, mrefu, wa peke yake, mwanamke wa miaka sabini. Kisha wanawake wote wakaitika. Mzee Ochieng hakungoja Ouma. Upinde ukashuka, "Nasipwondi wa Oketch, mbao iliyozaa fundi," na watu wakainuka kucheza. Ouma alibaki amesimama, halafu akaketi.

Sasa sikiliza jambo la Mzee Okumba. Wewe ulimjua. Hawezi kukaa mahali ambapo wengine wanasifiwa na yeye hasifiwi. Watoto wamejisifu, mwanamke mgeni amejisifu, na yeye mwenyekiti yupo tu kama mtungi. Nilimwona akijikuna, akigeuka, akitazama sahani. Mwishowe akainuka na noti nzima, akaipeperusha watu waione, akaiweka juu ya kitambaa changu.

"Mimi Okumba! Ninyi wote mafundi, mafundi, mtafanya kazi wapi? Mimi ndiye mwenye ufunguo! Okumba akifungua, mlango gani utabaki umefungwa?"

Alikuwa ameshasema. Nilimwona Anyango akishika mdomo kwa mikono miwili. Mzee Ochieng alifumba macho, akavuta upinde taratibu, akaichukua sifa hiyo kama alivyochukua nyingine zote: "Okumba mwenye ufunguo, Okumba akifungua, mlango gani utabaki?" Watu wakaitika: "Mlango gani?" Akaimba tena. "Mlango gani?" Mara ya kwanza mzee alikuwa akicheza, mikono juu. Mara ya tano alikuwa akitabasamu tu. Mara ya kumi alikuwa ameketi, anajifuta jasho, na boma lote linaitika, hata naibu chifu nilimwona midomo ikisogea. Na huwezi kumkasirikia mtu anayeimba sifa uliyojipa mwenyewe.

Apiyo alilala hapa. Usiku aliniuliza, "Wifi, kumbe msichana anataka mbao?" Nikasema, "Kumbe." Akakunja begi lake tupu. "Nitamngoja mpaka mwisho wa mwezi. Chuo kisipofunguliwa, nitamtuma mtu aje kumchukua." Ni haki yake. Amenunua kitanda.

3 Juni

Ouma amepita bila kunisalimu.

4 Juni

Watoto wa ufuo wanaimba "mlango gani" wakivuta nyavu. Wasafiri wameupeleka wimbo huo Mbita, na leo umerudi na boti ya saa kumi ukiwa na maneno mapya.

6 Juni

Saa nne asubuhi Mzee Okumba aliingia kibandani kwangu. Alikunywa chai. Nje mtoto alipita akiimba.

"Mama Rosa, waambie waache huo wimbo."

"Jaduong', nitawaambia nini? Ni sifa yako. Uliilipia."

Akasukuma kikombe. Akaniuliza kama nina mandazi ya moto. Nikampa. Baada ya kula akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo: "Mwalimu alipoondoka nilifunga ili vitu visiibiwe. Ndiyo kweli. Halafu mvua ikaja, nikaweka gunia moja. Halafu hakuna aliyeuliza. Mtu akikaa na ufunguo miaka miwili bila kuulizwa anaona ni wake."

"Waliuliza, mzee. Mwezi wa tatu."

"Waliuliza watoto."

"Ndiyo. Watoto."

Akatoa ufunguo kwenye koti. Ni mdogo, Baba Rosa, na una kutu. Hakuuacha mezani wala hakunipa mimi. Akaniomba nimwite Anyango, na alipokuja na uzi wa nyavu ukiwa bado vidoleni, mzee akasimama kumpa. Alisimama. Anyango, mwenye sauti ya watu sita, hakupata hata moja.

8 Juni

Walifungua. Ndani kunanuka omena mpaka macho yanauma. Cherehani kimoja kina panya na watoto wake. Vitatu vinazunguka lakini mikanda imeoza. Misumeno ina kutu, randa mbili ni nzima. Vijana walifagia kutwa. Rosa alitoka na vumbi mpaka kwenye kope, akisema anataka mafuta ya taa ya kusafishia kutu, si kesho, leo.

13 Juni

Anyango alikwenda Kisumu kutafuta mikanda. Katika duka la Singasinga mmoja, Bwana Tarlochan, alieleza habari yote, na yule bwana akasema, "Dada, hebu imba huo wimbo kwanza." Aliuimba dukani mbele ya wateja. Akapata mikanda mitatu na chupa ya mafuta ya mashine, na Bwana Tarlochan akamwambia arudi kusema kama imekaa vizuri.

16 Juni, Jumapili

Mvua imekwisha. Mahindi tuliyoinua yamesimama, machache yamepinda lakini yanabeba.

Mwalimu hatujapata. Kamati imeandika barua na watu wanajua barua zinavyokwenda. Lakini Wabwire, yule mliyetengeneza naye mashua upande wa Mbita, amekubali kuja Jumanne na Ijumaa. Kamati sasa ina viti viwili vya vijana. Mzee Okumba ndiye aliyeleta shauri hilo, na anapenda watu wajue ni yeye. Apiyo nimemwandikia. Amejibu kwamba kitanda atakilalia mtoto wake mkubwa.

Ouma alikuja jana. Alisimama mlangoni muda mrefu. Akasema bado anaona siku ya ndugu yake ilichukuliwa. Nikamwambia anaweza kuwa na haki. Akaketi, akala, akaniuliza kama Rosa kweli anaweza kushika randa. Nikamwambia aende aone. Sijui kama atakwenda.

Rosa anarudi jioni amechoka, anazungumza mpaka analala katikati ya neno. Nami nimejifunza kumwuliza, kisha kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko ya chai.

Daftari limebaki na ukurasa huu tu. Sitatafuta jingine. Naona siku hizi nina watu wa kuzungumza nao, kwa Kijaluo changu hiki hiki, na usije ukadhani nimekusahau kwa sababu hiyo. Huko uliko, wakikuuliza umeacha nani, wataje Rosa na mama yako kwanza. Halafu, nafasi ikiwepo, unikumbuke na mimi.

Nasipwondi